Fulana za dischaji zinanuka na kukwaruza: angalia mizani, moto na ndoo ya maji

Swali limetoka kwa fundi kijana wa Tandika, Dar es Salaam. Nalifupisha:

"Shikamoo mwalimu. Nachapa fulana nyeusi za pamba kwa wino wa dischaji (ule unaong'oa rangi ya kitambaa), maana wateja wangu hawapendi chapa nzito inayokaa kifuani kama plastiki. Rangi inatoka vizuri. Kero yangu ni mbili. Fulana zinanuka yai viza hata zikikaa siku 3, na ukipitisha kiganja juu ya chapa inakwaruza. Kwaya moja iliagiza fulana 80. Walipoanza kutoka jasho harufu ikaamka upya, lawama zikanirudia mimi. Natumia hitipresi (mashine ya kubana nguo kwa sahani ya moto), unga wa kutia kwenye wino napima kwa kijiko, na kazi ikiwa nyingi naanika juani kwanza ndipo nabana. Nipulizie nini kuua harufu, na niongeze nini wino uwe laini?"

Marahaba, ndugu yangu. Usipulizie kitu. Manukato na kilainishi cha nguo vitafunika harufu kwa siku moja au mbili, na kilichokuwa kinanuka kitabaki pale pale kwenye ngozi ya mtu. Fulana za kwaya ziombe zirudi ukazifue wewe mwenyewe kwa utaratibu nitakaoueleza chini. Nakuhakikishia sehemu kubwa ya harufu hiyo itaondoka kwa maji, na baadhi ya mkwaruzo utaondoka nayo.

Wino wa dischaji haupaki rangi juu ya rangi. Unaing'oa ile iliyotiwa kiwandani. Unga mweupe unaouchanganya kwa kawaida ni zinki fomaldehidi salfoksileti. Ukikutana na maji na joto unavunjika, na katika kuvunjika kwake unavunja molekuli za rangi zilizoshika ndani ya uzi. Pamba inabaki na weupe wake wa asili, ule wenye umanjano kidogo, na kama uliweka pigmenti, yaani rangi ya kuchanganya, kwenye wino, inashika pale palipoachwa wazi. Ndiyo maana chapa haihisiki sana kiganjani: rangi mpya imeingia mahali pa ile ya zamani.

Sasa, kazi hiyo ina mabaki. Kuna fomaldehidi, kuna gesi za salfa, kuna chumvi za zinki, kuna vipande vya rangi iliyovunjwa, na kuna unga ambao haukupata nafasi ya kufanya kazi. Vilivyo gesi vinatoka na mvuke ukiviachia njia. Vilivyo chumvi havitoki kwa joto hata ubane mara ngapi, vinangoja maji. Mteja akivaa fulana ambayo haijafuliwa, jasho linalowesha mabaki hayo, mwili unayapasha moto, na yanaanza tena kutoa harufu. Hicho ndicho kilichowapata wanakwaya.

Pua yako itakusaidia kujua tatizo liko wapi. Harufu ya kiberiti kilichowashwa muda huu, inayokaba koo, ni salfa daioksidi. Hiyo ni ya kawaida wakati wa kuivisha wino, lakini ikiendelea kesho yake, ujue mvuke haukutoka wote. Harufu inayochoma macho hadi yanatoa machozi ni fomaldehidi. Harufu ya mkojo uliokaa ni amonia, na mara nyingi inatoka kwenye urea iliyomo ndani ya wino ikipata moto mkali. Yai viza ni salfaidi, na hapo nakuomba uikague fulana yenyewe kabla hujaulaumu wino. Fulana nyingi nyeusi za bei ya chini zimetiwa rangi za salfa. Rangi ya namna hiyo ikikutana na dischaji haivunjiki kabisa. Inalegea, inatoa harufu ya yai, na baadaye hewa inaweza kuirudisha. Utaona chapa imetoka ya kahawia au kijani chafu badala ya weupe wa maziwa, na baada ya siku kadhaa imefifia kurudi kwenye giza. Fulana inayofaa ni ya pamba tupu iliyotiwa rangi za riaktivu, zile zinazofungamana na uzi.

Nawe umesema rangi inatoka vizuri, kwa hiyo nadhani shehena yako kuu ni nzuri, ila kuna fulana za rangi ya salfa zimechanganyika humo. Kariakoo hilo si jambo la ajabu. Katoni moja yenye lebo moja inaweza kuwa na fulana kutoka matangi mawili ya rangi. Zipo pia fulana zilizokataliwa kwa rangi nyingine, zikatiwa nyeusi juu yake. Ukichapa dischaji inatokea nyekundu au kijani uliyokuwa huijui. Kabla hujalipia mzigo, omba fulana moja, ukachape, uifue, uivae. Choma pia nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni, poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Poliesta haing'oki kwa dischaji, kwa hiyo kitambaa cha mchanganyiko kitakupa chapa iliyofifia. Ukiona fifio hilo, kishawishi ni kuongeza unga, na hapo ndipo harufu inapozidi. Bluu kali ya samawi, kijani kibichi cha kung'aa na zambarau nazo ni sugu hata zikiwa kwenye pamba tupu. Usipigane nazo kwa unga.

Mafundi wengine hupima fulana kwa tone la jiki. Usitegemee hilo. Jiki inaondoa rangi kwa kuichoma kwa oksijeni na klorini, dischaji inaiondoa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Rangi inayokimbia jiki inaweza kusimama imara mbele ya dischaji, na inayosimama mbele ya jiki ikang'oka bila shida.

Tuje kwenye kijiko chako. Kijiko cha unga uliobanana na kijiko cha unga uliolegea havina uzito mmoja, na unga ulioshika unyevu una uzito mwingine tena. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Watengenezaji wengi wanataka unga uwe kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wa wino. Kwa wino wa gramu 500, hiyo ni gramu 15 hadi 30. Anza na asilimia 4, chapa moja, ivishe, fua, tazama. Ikitosha, usiongeze hata chembe. Wino una kikomo cha rangi unachoweza kung'oa kwenye uzi, na ukishavuka kikomo hicho kila gramu ya ziada inabaki nguoni ikiwa haijafanya kazi. Naamini nusu ya malalamiko ya harufu ninayoyasikia mjini yangeisha kama kila karakana ingekuwa na mizani.

Namna ya kuchanganya nayo ina neno lake. Unga huu una punje. Ukiumwaga kwenye wino mzito ukakoroga mara tatu nne, punje zinabaki nzima. Zikifika kwenye fulana zinaacha vidoa vyeupe, na zikikauka ndizo hizo unazozisikia chini ya kidole. Uloweshe kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu, karibu sawa na uzito wake, koroga hadi uyeyuke, mimina kwenye wino, koroga tena polepole hadi chini ya ndoo, acha dakika 10, kisha uchuje wote kwenye kipande cha kitambaa cha skrini (wavu wa fremu ya kuchapia) kilichochanika. Utashangaa kitakachobaki juu ya kitambaa. Kama mtengenezaji wa wino wako anasema usiongeze maji, mfuate yeye, lakini kuchuja usikuache.

Wino uliokwisha kutiwa unga una saa zake, kwa kawaida kati ya 4 na 8, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari uhesabu zile za chini. Baada ya hapo nguvu imeisha ila kemikali bado zimo. Fundi anayetumia wino wa jana anapata weupe hafifu na harufu kamili. Changanya wa asubuhi asubuhi, wa mchana mchana.

Sasa moto, na hapa ndipo nakaa muda mrefu kwa sababu utaratibu wako wa jua na hitipresi ndio unaokuumiza zaidi.

Dischaji inahitaji maji na joto kwa wakati mmoja. Chapa ikikauka juani kabla haijapata joto la kutosha, maji yameondoka na unga umebaki umelala kwenye uzi. Ukija kubana baadaye, sehemu ndogo inaamka kwa unyevu uliobaki kwenye pamba, nyingine inabaki ilivyo. Wewe unaona weupe haujatosha, unaongeza unga kwenye awamu inayofuata. Fulana iliyochapwa inatakiwa iingie kwenye joto ikiwa bado mbichi. Kama meza yako inachapa kwa kasi kuliko mashine inavyoivisha, punguza kasi ya meza.

Nayo hitipresi ukiishusha moja kwa moja juu ya chapa mbichi, unafanya mambo mawili mabaya. Unazuia mvuke kutoka, kwa hiyo gesi zote zinarudi kwenye kitambaa na kwenye karatasi ya tefloni, ile isiyonata inayowekwa juu ya chapa, na kutoka kwenye tefloni zinahamia fulana inayofuata. Pia unaulaza wino ungali majimaji, unatengeneza utando bapa juu ya uzi badala ya kuuacha unywewe. Utando huo ukikauka ni mgumu.

Fanya hivi. Weka sahani ya hitipresi kwenye nyuzi joto 180, ishushe hadi ibaki kama sentimita 1 au 2 juu ya chapa bila kuigusa. Kama mashine yako haikai hapo yenyewe, weka vipande viwili vya mbao pembeni. Tazama kwa ubavu, taa ikiwa nyuma. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha mvuke unaanza kupanda, mzito, mweupe, na papo hapo utaona weusi unageuka kahawia, kahawia inageuka kuwa rangi uliyoikusudia. Maadamu mvuke unapanda, chapa haijavuka sana nyuzi 100, kwa sababu maji yanakula joto lote yanapogeuka mvuke. Kipimajoto cha infraredi, kile kinachopima bila kugusa, kitakuthibitishia. Mvuke ukikatika ndipo joto la wino linapoanza kupanda kuelekea nyuzi 160, na hapo ndipo gundi iliyomo kwenye wino inaanza kuiva. Fundi anayehesabu dakika 2 tangu aliposhusha sahani, huku dakika nzima imekwenda kwenye kukausha maji, ameivisha nusu. Hesabu yako ianze mvuke unapokatika. Ipe hapo dakika moja na nusu hadi mbili, peperusha hewa juu ya chapa kwa kipande cha boksi au feni ndogo ili gesi zisitulie, na mwisho, ikiwa kavu kabisa, ibane kwa sekunde 10 juu ya tefloni safi ili nyuzi zilale.

Usizidishe pia. Chapa iliyokaa kwenye moto kupita kiasi gundi yake inakakamaa na pamba yenyewe inaanza kuungua umanjano. Wengi wakinusa harufu wanarudisha fulana kwenye hitipresi mara ya pili na ya tatu wakidhani wanaikausha harufu. Wanachopata ni fulana inayonuka vile vile na inayokwaruza zaidi.

Siku za masika uongeze muda. Pamba inavuta maji kutoka hewani. Hata katika hali ya kawaida inabeba kama asilimia 8 ya uzito wake, na karakana ya mabati iliyofungwa wakati wa mvua inafanya fulana ziwe nzito zaidi. Mvuke utachelewa kukatika. Tazama mvuke, saa baadaye.

Baada ya moto, tundika. Fulana yenye joto ukiikunja na kuitia kwenye mfuko wa nailoni umeifungia na gesi zake. Zitundike kwenye kamba penye upepo usiku kucha, zisigusane.

Mkwaruzo ni suala pana zaidi, kwa sababu si wote unatokana na mabaki. Kabla hujabadilisha kitu, fanya jaribio moja. Chukua fulana iliyoiva, kesho yake lowesha nusu tu ya chapa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, isugue kwa kiganja, suuza, ianike. Ikikauka, funga macho upitishe kidole gumba kutoka nusu moja hadi nyingine. Kama nusu iliyofuliwa imelainika wazi, ulichokuwa unakisikia ni chumvi na punje, na dawa yako ni mizani, kuchuja na kufua. Kama nusu zote mbili ni sawa, kasoro iko kwenye wino uliotua au kwenye uzi wenyewe.

Kujua ni ipi kati ya hizo mbili, washa kamera ya simu, ivute karibu kabisa, uangalie chapa kwa taa ya pembeni. Ukiona wino umeziba vinafasi kati ya uzi na uzi, umetengeneza ngozi moja, wino ni mwingi mno. Ukiona vinafasi viko wazi lakini juu yake vimesimama vinyweleo vya pamba vimetapakaa wino, uzi ndio mbaya. Fulana za pamba isiyochanwa vizuri zina ncha nyingi fupi zilizolegea. Dischaji na joto vinazisimamisha, gundi inazikausha zikiwa wima, na kila moja inakuwa kisindano. Kubana kwa sekunde zile 10 za mwisho kunasaidia, na kupitisha hitipresi kavu juu ya fulana tupu kabla ya kuchapa kunasaidia zaidi, lakini ukweli ni kwamba fulana ya pamba iliyochanwa, yenye uzi uliosokotwa vizuri, itakupa ulaini ambao hakuna kemikali itakayokupa kwenye fulana duni. Tofauti ya bei yake kwa kipande iweke wazi kwa mteja. Kwaya au timu ikishika fulana mbili mkononi, mara nyingi inachagua nzuri.

Kwa upande wa wino mwingi, angalia kitambaa cha skrini. Mafundi waliozoea plastisoli, ule wino mzito wa plastiki, wana fremu za nyuzi 43 kwa sentimita, zile zinazoitwa 110 kwa hesabu ya Kimarekani ya inchi, kwa sababu plastisoli nyeupe inataka kupita nyingi. Dischaji haihitaji hivyo. Nenda nyuzi 61 hadi 77, yaani 156 hadi 200. Kwa michoro yenye mistari myembamba hata 90 inafaa. Skwiji, yaani mpira wa kuvutia wino, iwe na ncha kali, ya ugumu wa 70 au 75. Iliyochakaa na kuviringika pembeni inamwaga wino juu ya kitambaa. Vuta mara mbili kwa nguvu ya wastani. Lengo ni wino uingie kwenye uzi, na ukigeuza fulana ndani nje, uone kivuli cha chapa upande wa pili. Usipokiona kivuli hicho, wino umekaa juu juu, na mkwaruzo utakuwepo.

Wino mweupe wa dischaji ndio mkali kuliko yote kiganjani, na haina budi, kwa sababu ndani yake mna titani daioksidi, unga wa madini unaoleta weupe, pamoja na gundi ya kuushikilia. Ukiweza kumshawishi mteja akubali weupe wa maziwa badala ya weupe wa karatasi, tumia bezi safi, yaani wino wa msingi usio na pigmenti yoyote. Hakuna chapa laini kuliko hiyo. Ukifumba macho hutaijua ilipo. Mimi huipenda kwa fulana nyeusi na za bluu ya bahari, na naona inazeeka kwa heshima. Mteja akitaka weupe wa kuwaka, changanya bezi safi na nyeupe nusu kwa nusu, umwonyeshe kipande kabla hajasema hapana.

Kwa rangi nyingine, pigmenti isizidi asilimia 8 hivi. Ikipita 10 gundi iliyomo haitoshi kuishika, inachuja kwenye kufua, unalazimika kuongeza kiimarisho, na kiimarisho kinakakamaza. Vilainishi vya wino vipo na vinasaidia, hasa vya silikoni, ila viwe vya kiwanda kile kile kilichotengeneza wino wako na kwa kiasi walichoandika kwenye kopo. Usitie kilainishi cha nguo cha dukani ndani ya wino. Kinavuruga gundi.

Kufua. Najua inaonekana ni kazi ya ziada ambayo hakuna anayekulipa, na najua bei ya maji Tandika. Lakini viwandani nguo iliyochapwa dischaji inafuliwa kabla ya kuuzwa, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya fulana ya dischaji inayotoka nje ikiwa laini isiyo na harufu na hizi zetu. Weka gharama ya kufua ndani ya bei tangu mwanzo.

Acha chapa itulie usiku mmoja baada ya kuiva. Geuza fulana ndani nje. Maji ya kwanza yawe ya baridi, mengi, bila sabuni, dakika 10 huku unazigeuza. Haya ndiyo yanayobeba chumvi nyingi, na utayaona yamegeuka rangi. Mwaga. Maji ya pili yawe ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, yenye sabuni ya unga kiasi na kijiko cha magadi soda kwa kila ndoo. Mabaki mengi yana asidi, na magadi yanaizima. Usisugue chapa kwa brashi. Suuza mara mbili hadi maji yawe maangavu. Kama harufu ya salfa bado ipo baada ya hapo, loweka dakika 15 kwenye ndoo ya lita 10 ya maji uliyotia kikombe cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa; inazigeuza salfa zilizobaki kuwa chumvi zisizonuka, kisha suuza tena. Jaribu kwanza kwa fulana moja, uone haiathiri rangi. Kilainishi cha nguo, ukipenda, kiwe kwenye maji ya mwisho kabisa.

Jiki isikaribie ndoo hizo. Itapausha fulana nzima, na ikikutana na asidi ya mabaki inaweza kutoa gesi ya klorini.

Kuna wateja ambao nakusihi usiwachapie dischaji hii kabisa, nao ni watoto wachanga. Fomaldehidi iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Kiwango cha Oeko-Tex, alama ya kimataifa ya usalama wa nguo, kinaruhusu miligramu 75 kwa kilo ya nguo inayogusa ngozi ya mtu mzima, na kwa nguo za watoto wachanga kinataka isifike miligramu 16. Fulana iliyoivishwa na kufuliwa vizuri inaweza kuwa chini ya kiwango cha mtu mzima, lakini bila maabara huwezi kuthibitisha ya mtoto. Chapia wino wa maji wa kawaida kwenye kitambaa cheupe au cha rangi hafifu. Upo pia unga wa aina nyingine, thiourea daioksidi, usiotoa fomaldehidi. Nguvu yake ni ndogo zaidi, maisha yake kwenye wino ni mafupi, na harufu ya salfa inayo bado, ila kwa anayefanya kazi nyingi za shule za msingi unastahili kujaribiwa. Na kama wino wako hauna urea tayari, kiasi kidogo chake kilichoyeyushwa kinaikamata sehemu ya fomaldehidi na kuitunzia chapa unyevu wake hadi ifike kwenye joto. Ukizidisha, utarudi kwenye ile harufu ya amonia.

Hujaniuliza kuhusu wewe na vijana wako, nami nakuuliza: mnafanyia kazi wapi? Mteja anavuta harufu ya fulana moja. Nyinyi mnasimama juu ya mvuke wa fulana mia. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo. Weka hitipresi karibu na dirisha, feni iwe nyuma ya fundi ikisukuma mvuke kwenda nje, isiwe mbele inayompulizia usoni wala inayoupeleka kwenye meza ya mwenzake. Mwenye pumu asisimame hapo. Salfa daioksidi inabana kifua chake ndani ya dakika chache. Macho yakianza kuwasha kila mtu chumbani, kazi isimame mlango ufunguliwe. Glavu za mpira zivaliwe wakati wa kupima unga, na kopo la unga lifungwe mara tu baada ya kuchota, likae mahali pakavu, pabaridi, mbali na asidi na jiki. Unga ulioshika unyevu umeanza kuoza ndani ya kopo: utaunusa, utauona umeshikana mabonge, na wino wake utanuka zaidi na kung'oa kidogo.

Wino uliobaki jioni usiufunge kwa mfuniko wa kukaza. Unaendelea kutoa gesi, na ndoo iliyofungwa inavimba hadi kupasuka. Uache na mfuniko uliolegea nje ya chumba, penye kivuli, mbali na watoto, hadi ukauke wote uwe gamba, kisha uutupe pamoja na taka ngumu. Usiumwage kwenye mtaro, maana zinki iliyomo ni sumu kwa samaki, na mitaro ya Temeke inaishia baharini.